Maji Yaliyochemshwa Mara Tatu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo ikinijia naacha ninachokifanya, iwe ni kuchambua mchele au kutafuta miwani, nakaa kwanza. Ni siku niliyosimama mbele ya watu wa mtaa wetu hapa Tabora, nimevaa gauni nililolipiga pasi mara mbili, nikawasomea shairi zuri. Watu walipiga makofi. Mtu mmoja, ambaye kisa cha shairi lile kilikuwa chake, aliinuka akaenda zake nyumbani.

Nakusimulia haya kwa sababu jana ulikuja na daftari lako jipya na simu yako ya kurekodia, ukaniambia kwamba wewe na wenzako mnakusanya visa vya kweli na mashairi ya watu wa mtaa, jinsi walivyopita katika ugonjwa huu wa juzi uliotufunga barakoa. Nilifurahi, na nilikuona umefurahi. Kisha ukasema, "Bibi, tutavinyoosha kidogo kabla ya kuchapisha." Hapo ndipo nilipokuambia nimechoka, uje leo. Sikuwa nimechoka hata kidogo. Nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Kazi hiyo uliyopewa, mimi niliifanya kabla mama yako hajazaliwa. Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, nami msichana wa miaka ishirini na kidogo, mwalimu wa kisomo. Ninyi hamkukijua kisomo. Kila alasiri watu wazima, wengine wazee kuliko mimi nilivyo leo, walikuja kujifunza kusoma na kuandika kwenye baraza ya fundi cherehani mmoja pale mtaani. Ubao tuliuegemeza ukutani, chaki tuligawana vipande, na cherehani ya fundi ililia nyuma yetu mpaka tumalize. Nilikuwa na mwandiko mzuri, na kila mtu aliniambia hivyo. Nikikumbuka, naona waliniambia mara nyingi mno.

Ndipo kikaja kipindupindu. Sitaki kukueleza yote, maana mengine utayasikia kwa wengine, na kila mtu ana lake. Nitakuambia tu jinsi mji ulivyonyamaza. Bwana afya alipita nyumba kwa nyumba akisema chemsheni maji, chemsheni maji, mpaka watoto wakaigeuza kuwa wimbo wa kurukia kamba. Wauza vyakula walikatazwa kusogea stesheni. Treni ya kutoka Dar ilifika, abiria wakatoa mikono madirishani kama walivyozoea, wanataka mayai ya kuchemsha na karanga, na pale chini hakuna mtu. Misiba ikawa haina mkusanyiko. Watu waliamkiana kwa mbali, mtu anatoa shikamoo yake kutoka ng'ambo ya barabara, na marahaba inarudi hukohuko.

Wagonjwa walipelekwa kambini, kwenye majengo yaliyokuwa wazi nje kidogo ya mji. Kambi ile ilizungushiwa kamba ya katani, kutoka mti hadi mti. Aliyeingia ndani ya kamba akafia humo, hakutoka kurudi kwao. Walimzika wenyewe, wale watu wa afya wenye mabuti ya mpira, baada ya kumnyunyizia dawa. Siwalaumu, mwanangu. Bila wao pengine nisingekuwa hapa nakusumbua kwa maneno.

Sasa nikutajie Zena. Zena alikuwa rafiki yangu tangu tulipokaa mkeka mmoja chuoni, tunasoma juzuu huku tunafinyana. Alikuwa mcheshi, na mwenye mdomo. Wakati ule khanga zilipatikana kwa foleni, na siku moja tulisimama duka la ushirika tangu asubuhi, tukapata doti moja kwa wawili wetu. Tukaikata. Kipande kimoja chake, kimoja changu. Tukivaa siku moja watu walicheka, wanatuuliza nani kamwibia mwenzake. Zena aliugua siku ya Alhamisi, wakampeleka kambini, na Jumamosi hakuwepo. Khanga yake ilichomwa moto pamoja na godoro.

Na mimi sikwenda kwenye kamba kumwona. Wengine walikwenda, wakasimama nje, wakaita majina ya watu wao wakaitikiwa. Mimi niliogopa. Nilijiambia nitakwenda kesho, na kesho yake nikajiambia vilevile.

Mama yake, Bi Kalunde, alikwenda. Huyo ndiye mwenye kisa, kwa hiyo nisikilize vizuri hapa. Bi Kalunde alikuwa mwosha maiti wa mtaa wetu, upande wa wanawake. Kazi hiyo aliirithi kwa mama yake, na mama yake kwa nyanya yake, ambaye alifika hapa na msafara kutoka Manyema zamani za njia ya misafara, miguu ikamshinda, akabaki. Watu wa misafara walikuwa wakifia hapa, mbali na ndugu zao, na hakuna aliyejua hata majina yao. Nyanya yake yule ndiye aliyewaosha wanawake waliokufa njiani, ili asizikwe mtu kama mzigo uliotupwa. Tangu siku hizo, familia ile ilikuwa na neno lake moja: katika mtaa huu hazikwi mwanamke bila kuoshwa, awe wetu au mgeni. Bi Kalunde alimwosha bibi yangu. Alimwosha mama wa fundi cherehani. Aliwahi kumwosha mwanamke aliyeshushwa kwenye treni akiwa ameshakata roho, hakuna anayemjua, na akamfanyia kila kitu kana kwamba ni dada yake.

Yote nitakayokuambia sasa yanatoka hapo. Mwanamke wa nyumba ile, binti yake wa pekee, alizikwa bila kuguswa na mkono wa mama yake.

Ugonjwa ulipokwisha na kamba ikafunguliwa, ofisi ya tawi la chama iliamua ufanyike mkutano wa kuwakumbuka waliokufa na kuwapa moyo waliobaki. Mimi nikapewa kazi: nikusanye visa vya kweli na mashairi ya watu wa mtaa, niviandike katika kijitabu, na siku ya mkutano nivisome. Katibu alinipa wino na karatasi chache safi za nakala ya mwisho. Karatasi zilikuwa adimu sana, mwanangu. Madaftari ya kisomo tuliandika kwa penseli, tukafuta, tukaandika tena, mpaka ukurasa ukatoboka.

Nikaanza kuzunguka. Nilikaa na watu kwenye vibaraza vyao, nikaandika kwa penseli. Mzee mmoja muuza asali alinieleza jinsi alivyotembea kutoka Tura kwa miguu kwa sababu treni ilikataa kumchukua. Fundi cherehani alitunga beti juu ya sanda alizoshona, akalia kabla hajazimaliza. Kisha nikaenda kwa Bi Kalunde.

Aliniketisha jikoni kwake, uani. Nilidhani atakataa, lakini alisema amekuwa akinisubiri. Akasema maneno yake polepole, akitulia kila baada ya sentensi ili penseli yangu imfikie. Hayakuwa shairi la vina, wala hayakuwa hadithi. Alikuwa anasema, na mara nyingine sauti yake inapanda kidogo kama anayeimba, kisha inashuka.

Alieleza kwamba siku ile walipomletea habari alikuwa jikoni, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuinjika maji. Alijua hawatampa mwanawe. Aliinjika hivyohivyo. Akatia majani ya mkunazi kama anavyotia kila anapoosha maiti. Maji yalipochemka akayaepua, akayaweka pale uani, akaandaa kata na kitambaa, akakaa. Maji yakapoa. Akayarudisha motoni. Yakachemka, akayaepua, yakapoa. Akayarudisha mara ya tatu. Walipokuja kumwambia kwamba wameshazika, maji yalikuwa vuguvugu, yanafaa kabisa kwa mwili. Hakuwa na pa kuyapeleka. Alikaa nayo mpaka jioni, kisha akamwaga.

Hayo ndiyo aliyoyasema. Lakini ninavyokueleza hivi, nakupa maana tu. Maneno yenyewe, jinsi alivyoyapanga, pale aliporudia jina la Zena, neno alilolitumia kwa rangi ya maji yale, sinayo. Nayatafuta kila siku. Ninaweza kukaa hapa nikafumba macho nikaliona jiko, nikauona na moshi, na sauti ya Bi Kalunde nikaisikia, lakini maneno hayaji. Natamani niyasikie hata mara moja tu kabla sijaondoka duniani.

Utaniuliza, si uliyaandika? Niliyaandika.

Nilirudi nyumbani nikayasoma, na hayakunipendeza. Niliona hayana mizani. Niliona mama wa watu atasimama mbele za watu aonekane hakumsitiri mwanawe, na yeye ndiye mwosha. Nikasema nitamsaidia. Nikayakalia siku mbili, nikatunga shairi la beti saba, kila mshororo una mizani kumi na sita, haipungui hata moja. Ubeti wa tano ndio niliouonea fahari zaidi:

Maji akammwagia, mwanawe akamwogesha,
Sanda akamvishia, uso akamng'arisha.

Unaona nilivyofanya. Nilimfikisha Zena mikononi mwa mama yake. Niliandika alioshwa. Na wala usidhani nilifanya hivyo kwa ajili ya Bi Kalunde peke yake, ingawa ndivyo nilivyojidanganya. Mimi ndiye niliyetaka Zena awe ameoshwa. Mimi niliyeshindwa kwenda hata kwenye kamba nilitaka kulala usingizi.

Nilipomaliza kunakili kwa wino, nilichukua ufutio nikafuta zile karatasi za penseli, moja baada ya moja, ili wanakisomo wapate pa kuandikia. Nilijisifu kwamba mimi ni mtu wa kubana matumizi.

Siku ya mkutano ndiyo hiyo niliyoanza nayo. Niliposoma ubeti wa tano nilimtazama Bi Kalunde, nikitegemea atafuta machozi na kunishukuru kwa macho. Alikuwa amenikazia macho, makavu. Wanawake waliokaa naye mkeka mmoja walianza kutazamana. Wote walijua. Kulikuwa na wengine pale waliopita uani kwake siku ile, wakamwona amekaa na sufuria yake. Makofi yalipopigwa yeye aliinuka, akajitanda khanga yake vizuri, akaondoka bila haraka.

Asubuhi yake nilikwenda kwake. Nikamkuta anapepeta mtama. Nikasema, "Shikamoo, mama." Hakuitikia. Mwanangu, ninyi siku hizi mnapita watu kama mnapita nguzo, lakini kwetu sisi mtu mzima kuacha shikamoo ya mtoto aliyekua na binti yake ianguke chini si jambo dogo. Alipepeta mpaka ungo ukabaki na nafaka tupu, kisha ndipo akasema.

"Ulitaka kunisitiri. Mimi sikukuomba sitara, Siwema. Nilikuomba uandike."

Nikaanza kujitetea, kwamba nilichelea watu watamwona vibaya. Akaninyamazisha kwa kiganja.

"Sheikh ameniambia kwamba dharura ina hukumu yake, mwanangu hakupungukiwa na kitu, na Mungu anajua. Nami naamini Mungu anajua. Nilitaka na watu wajue. Nimewaosha mama zao wote, na wangu sikumwosha. Wewe umesimama mbele yao umewaambia nilimwosha. Sasa nitamlilia nini?"

Nilimwomba anisimulie tena, niandike neno kwa neno, niende nikasome upya. Akasema maneno yale aliyabeba tangu siku ya msiba mpaka siku nilipokwenda na penseli, na aliponipa yakamtoka. Hana mengine.

Nilikimbia nyumbani. Nilizitoa zile karatasi nilizozifuta, nikazishika dirishani, jua likipita nyuma yake. Ufutio wangu ulikuwa mzuri kupita kiasi. Niliona alama za penseli hapa na pale, mkandamizo tu wa mkono wangu. Nilipata neno maji. Nilipata neno yakapoa, mara mbili. Nilipata Zena. Mengine yalikuwa yamekwenda, na juu ya kurasa nyingine wanakisomo walikuwa wameshaandika herufi zao kubwakubwa.

Ungedhani hatakanyaga tena darasani kwangu. Alikuja kesho yake alasiri, akakaa nyuma kabisa. Kabla ya ugonjwa alikuwa anakuja siku moja anakosa tatu, na kazi yake ilikuwa kutuchekesha mimi na Zena. Sasa akawa hakosi. Nikamwamkia kila siku, na kila siku hakuitikia. Alikuwa amekuja kujifunza, hakuja kunisamehe. Nilimshika mkono kumwongoza penseli, mkono ule uliomwosha bibi yangu, nao ulikuwa mzito na wenye nguvu, unaminya mpaka ncha inavunjika. Msimu wa mvua ukapita, watu wakavuna, akawa bado anakuja. Nami nilikuwa nazisubiri alasiri zile kama mtu anayesubiri barua. Kwa umbo na kwa mwendo alifanana sana na Zena, na wakati mwingine akiinama juu ya daftari nilisahau kwa kitambo kidogo kwamba ni mama.

Siku moja, wenzake walipokwisha kuondoka, alibaki. Aliandika kwa muda mrefu. Fundi alikuwa ameshafunika cherehani yake. Kisha akaja mbele akanipa karatasi. Ilikuwa na maneno machache, yamepandana, yanapanda mlima upande wa kulia:

ZENA MWANANGU. MAJI NILICHEMSHA MARA TATU. YALIPOA. SIKUMWOSHA. MIMI MAMA YAKE KALUNDE.

Akaniuliza, "Kuna la kusahihisha, mwalimu?"

Nikasema hakuna. Kisha, sijui kwa nini, labda kwa sababu sikuwa na neno lingine la kumpa, nikamwamkia upya, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akasema.

Alikufa miaka mingi baadaye, kwa uzee, kitandani kwake. Nilikuwa miongoni mwa wanawake waliomwosha. Nilichemsha maji mimi mwenyewe.

Sasa nipe sikio, maana nimekuchosha na nitakuambia mara moja tu. Nenda kwa watu. Usiende na haraka, na wala usiwaendee ukiwa umeshajua watakachokuambia. Mtu akikupa maneno yake juu ya maiti wake, amekupa kitu ambacho huenda hana kingine. Akikosea mpangilio, acha. Akisema jambo la aibu, liandike, na kabla hujalisoma kwa watu rudi kwake umsomee yeye kwanza, akuambie kama ndivyo. Akitaka jina lake lifichwe, lificheni. Lakini usimwongezee faraja ambayo hakuipata. Usimfariji kwa uongo halafu ukaondoka, ukamwachia yeye kuishi nao. Ukiona mkono wako unawasha kunyoosha, jiulize kwanza ni nani anayetaka kunyooshewa, yeye au wewe. Na ile nakala ya kwanza, hata iwe na madoa ya chai, hata simu yako ijae, usiifute.

Na ukimaliza na wengine, andika na lako. Wewe mwenyewe ulikuwa wapi? Mimi langu nililiandika nimeshakuwa mtu mzima, mstari mmoja: Zena alikuwa ndani ya kamba, nami sikwenda. Ningeliandika hilo kwanza, ule ubeti wa tano nisingeutunga.

Fungua hilo sanduku hapo miguuni pako. Hicho kitambaa usikikunjue kwa nguvu, kimezeeka. Ni kile kipande cha khanga, nusu yangu. Karatasi ya Bi Kalunde imo ndani. Isome kwa sauti, kisha iandike kwenye kitabu chenu kama ilivyo, kwa herufi zake hizohizo, na shairi langu liacheni lilipo. Umri wangu umekwenda, na nilikuwa natafuta mtu wa kumpa.

Mungu akupe masikio mapana na mkono mwepesi, mwanangu. Akujaalie watu wakufungulie milango yao, wakuketishe jikoni. Na siku utakapohitaji kusema lako, akupe mtu wa kuliandika kama ulivyolisema.